Meneja Hayupo

Usiku ule wa kuamkia Jumatatu sikulala. Niliketi jikoni, simu nimeiweka juu ya debe la unga ambako mtandao hushika, nikawa naiangalia kama mtu anayeangalia maziwa yasifurike. Binti yangu Adhiambo alikuwa Robanda, kwa dada yangu Gladys, na mchana wake alikuwa amefanyiwa usaili wa kazi ya udereva wa kuwazungusha watalii. Kazi yenyewe ni kuendesha gari lisilo na madirisha katikati ya simba. Mimi mama yake, ninayeogopa hata bata mzinga wa jirani, nilikuwa namwomba Mungu aipate.

Ndiyo, aipate. Ngoja nieleze.

Adhiambo alikuwa karani katika ofisi ya tajiri mwenye maduara, pale Tarime mjini. Duara ni shimo la dhahabu, na miaka ile dhahabu ilikuwa imewatia watu wazimu. Walimu waliacha chaki wakashika sururu. Watu walikuja kutoka Kagera, kutoka Geita, kutoka Shinyanga, wengine wakapanga vyumba kwangu hapa Nkende. Kuwa na mtoto ndani ya ofisi ya dhahabu, mwenye kiti chake na feni yake, kulikuwa heshima kubwa. Ndugu zetu wa Migori, ng'ambo ya mpaka, walipokuja kwenye matanga walimwita "madam wa dhahabu", nami nilijifanya sijasikia ili waseme tena.

Kilichonishtua kwanza ni viatu. Adhiambo alikuwa na viatu vya kisigino vya kazini. Kila jioni nilimwona dirishani akifika getini, anasimama, anavivua, ndipo anaingia peku, kavishika mkononi kama samaki walioanza kunuka. Kisha likaja tumbo. Lilimuuma Jumapili jioni, baada ya kanisa, na likapona Ijumaa. Mimi sikusoma sana, lakini ugonjwa unaojua siku za wiki si ugonjwa wa tumbo.

Siku moja tukiwa tunachambua dagaa nikamuuliza.

"Wanakutukana huko?"

"Hapana, mama."

"Huyo meneja wako, Kisyeri, anakusumbua?" Nililisema neno hilo kama mama anavyolisema.

"Hanisumbui. Hata haniangalii."

"Sasa nini, nyathina?" Nyathina ni mwanangu, kwa lugha yetu.

Akaacha dagaa. "Mama, unajua kazi yangu ni nini? Kazi yangu ni kusema meneja hayupo."

Akanieleza. Meza yake ilikuwa mbele ya mlango wa meneja. Nje kulikuwa na benchi, na benchini walikaa wachimbaji wanaoomba ruhusa ya kuingia duarani, wajane wa waliofukiwa, na wakulima ambao mashamba yao yaligeuka mashimo. Meneja alikuwa ndani, anakunywa chai. Yeye Adhiambo alipaswa kuwatazama usoni na kusema hayupo. Kutwa nzima, mwaka wa tatu sasa.

"Juzi alikuja bibi mmoja wa Gorong'a," akasema. "Ng'ombe wake ametumbukia kwenye duara lililoachwa wazi. Mara ya tatu anakuja, anatembea. Nikamwambia, shikamoo bibi, meneja hayupo. Mara huyu mtu akakohoa kule ndani."

"Uwii. Bibi akasemaje?"

"Akaitikia marahaba. Akasimama, akaniambia taratibu, 'Sawa, mwanangu. Mwambie huyo ambaye hayupo achemshe tangawizi, kifua chake kibaya.'"

Nilicheka, Mungu anisamehe. Adhiambo hakucheka. Machozi yalidondokea dagaa.

Nilimwambia avumilie, kazi ni kazi. Akajaribu, na mimi ni shahidi kwamba alijaribu. Alipanda ua kwenye kopo akaliweka dirishani, ingawa dirisha lilitazama ukuta. Aliweka kandambili chini ya meza, akawa anavaa zile akiwa amekaa, miguu ipate angalau kupumua. Na saa ya chakula, badala ya kukaa na wenzake, alimbembeleza dereva wa ofisi amfundishe gari uani. Mwaka haukuisha, akapata leseni. Siku alipolirudisha lile pikapu nyuma hadi getini kwangu bila kugusa ua wa minyaa, nilimwona akicheka kwa meno yote. Nikajiambia, kumbe bado yumo.

Ndipo Gladys akapiga simu kutoka Robanda. Dada yangu aliolewa huko na Mwikoma, na Adhiambo alipokuwa mdogo alikuwa akienda kwake kila likizo. Kijiji chao kimepakana na hifadhi, tembo huja usiku kula mahindi. Adhiambo alikuwa akilala kwenye dungu shambani na binamu zake, wanapiga madebe kuwafukuza. Wenzake walilia wakitaka kurudi nyumbani; yeye alilia likizo ilipoisha.

"Kambi ya watalii hapa inatafuta wanawake madereva," Gladys alisema. "Wanawafundisha wenyewe habari za wanyama. Huyo mtoto yuko wapi?"

Macho ya Adhiambo yalivyowaka! Alizunguka nyumba nzima, akanikumbatia, akamkumbatia hadi mpangaji wetu Protasi aliyekuwa anapita na ndoo ya maji ya kuoga. Mimi moyo ulinidunda pande mbili: simba upande huu, tumbo la Jumapili upande huu. Nikachagua simba.

Ijumaa alisimama mbele ya meneja akamwambia, "Bosi, kuanzia leo mimi ndiye sipo." Habari hiyo niliipata kwa Teresia, mfagiaji wa pale, tunayeimba naye kwaya. Kisyeri alicheka. Akasema, "Utarudi. Kiti chako nakishikilia mpaka Jumatatu asubuhi, baada ya hapo nampa mtu." Tangu jioni ile Kisyeri akawa anampigia, mpaka Adhiambo akazima simu yake. "Nikiisikia sauti yake, mama, nitarudi," aliniambia.

Kwa hiyo kazi ya kuniletea habari ikamwangukia Protasi.

Protasi ni Mhaya, mchimbaji, mtu wa watu, na dunia yote anaiongea kwa lugha ya duarani. Ugali ukiwa mgumu ni mwamba. Mke mkali ni mwamba wenye maji. Alikuwa anaelekea Serengeti siku zilezile kwa sababu ilivuma kwamba kuna dhahabu mpya, akasema atamsindikiza binti hadi kwa Gladys na matokeo yakitoka atanipigia.

"Usihofu, Mama Adhiambo," alinipungia mkono. "Huyu tunamteremsha na tochi mbili, hapotei!"

Basi ndiyo nikakesha. Majogoo walikuwa wameanza kuwika simu ilipoita. Niliirukia, debe likaanguka, unga ukamwagika.

"Protasi!"

Mtandao ulikuwa unakoroma. "Mama Adhi... jana jioni... tema! Nasema... tema kabisa! Wote sita... yeye..." Ikakatika. Nikapiga, haipatikani. Nikampigia Gladys, naye hapatikani.

Nilikaa chini kwenye unga. Neno nililimalizia mwenyewe: ametemwa. Kutemwa nakujua: mchezaji hutemwa kikosini, diwani hutemwa kura za maoni. Waliitwa sita na yeye ametemwa kabisa. Nikamwona mwanangu anarudi na begi lake, tumbo limemrudia hata kabla ya Jumapili, na kiti nacho asubuhi hii kinachukuliwa. Atakaa wapi? Atakula nini? Akili ya mama ikianza kukimbia haiulizi njia. Nikanawa uso, nikavaa kitenge cha kanisani, nikashika njia ya mjini. Nitampigia meneja magoti. Heri kiti kibaya kuliko kukosa kiti, ndivyo nilivyowaza, kumbe nilikuwa nakwenda kumrudisha mwanangu kifungoni kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilifika wanafungua. Benchi lilikuwa limeshajaa wachimbaji, vumbi jeupe la mawe mpaka kwenye kope. Wakanisogezea nafasi, "Shikamoo mama, kaa hapa." Kwenye kiti cha Adhiambo alikaa Teresia. Ufagio aliuegemeza ukutani nyuma yake.

"Teresia, nimekuja kumwona meneja."

Teresia ninayeimba naye sauti ya pili, ninayegawana naye kitabu cha nyimbo, akatazama meza.

"Meneja hayupo, Mama Adhiambo."

"Gari lake si lile nje?"

"Hayupo." Sauti ilikuwa ndogo, siyo ya kwaya.

Na kule ndani mtu akakohoa.

Benchi zima likatazama chini. Mimi nikamtazama Teresia, nikaona aibu inavyomchoma shingoni. Ana asubuhi moja tu kwenye kiti kile. Mwanangu alikaa miaka mitatu. Nikaangalia lile ua kwenye kopo, jani moja limejinyoosha kutafuta mwanga kwenye ukuta. Chini ya meza niliona kandambili, zimepangwa vizuri, moja kando ya nyingine. Magoti niliyokuja nayo yakaanza kugoma.

Hapo simu ya kijana wa pembeni yangu ikaita. Heche aliitwa, nilikuja kumjua baadaye. Alisikiliza kidogo, mara akaruka juu kama aliyekanyaga siafu.

"Limetema! Mura, limetema!"

"Lipi?" akauliza kijana mwenzake.

"Duara letu! Limetema usiku! Wanapakia mawe sasa hivi!"

Benchi likapinduka. Watu wazima walikumbatiana, mmoja akapiga kofia yake chini, mwingine akalia waziwazi. Heche akanishika mikono akanizungusha kama vile nami nilichimba.

"Ngoja, baba, ngoja," nikamwambia. "Limetemwa? Mmefukuzwa?"

"Kufukuzwa? Mama, wewe unaishi Tarime hii? Duara likitoa dhahabu tunasema limetema! Limekula jasho letu, sasa linatutemea!"

Nikasimama pale katikati ya kelele. Limetema. Protasi, mtu ambaye kwake ugali ni mwamba. Jamani, huyo mtu angewezaje kusema "amefaulu" kama binadamu wengine?

Nikabonyeza namba ya Protasi. Safari hii ikaita.

"Protasi! Nani katemwa?"

"Nani tena? Mama, nimekwambia limetema! Limetema kabisa! Mwanao ametema!"

"Sema Kiswahili, wewe mtu! Kapata au kakosa?"

"Kapata! Waliitwa sita, kachukuliwa yeye peke yake! Tembo alisimama njiani, mama, dume, masikio hivi! Wale watano wote walipiga honi, wakarudi nyuma, mmoja akatumbukia mtaroni. Binti yako akazima gari, akanyamaza kimya. Akamngojea mwenye njia apite. Mzungu wa kambi akasema huyu basi, tuende tukanywe chai. Mwenyewe huyu hapa."

Kisha sauti yake, karibu kama yuko chumba cha pili. "Mama? Mama, naanza leo. Mbona unalia? Uko wapi, kuna kelele?"

Niliutazama mlango wa meneja. "Niko sokoni," nikasema. "Umekula?"

"Nimekula. Mama, hapa navaa buti. Siyo viatu vile. Buti!"

"Ero kamano, Nyasaye," nikasema, asante Mungu, kwa sauti ambayo hata yule wa ndani aliisikia. Wachimbaji walikuwa wanamiminika nje, Heche ananiita niende nao nikashuhudie mawe. Nikampungia.

Nikainama chini ya meza, nikazitoa zile kandambili. Nikalichukua na kopo la ua.

"Teresia, hivi ni vya mtoto."

"Chukua, mama," akasema. Sasa alinitazama. "Kapata?"

"Limetema."

Teresia akaziba mdomo kwa viganja viwili, mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. Akasimama kutoka kwenye kile kiti, akaunyakua ufagio wake, akaanza kufagia vumbi la wachimbaji kwa kasi, huku akiimba chinichini ile sauti ya pili. Nami nikaipokea ya kwanza.

Nilikuwa nimefika kizingitini, kandambili kwapani na kopo mkononi, niliposikia kitasa kikizunguka nyuma yangu. Mlango ule ukafunguka. Kisyeri akatokeza, kikombe mkononi, akatazama benchi tupu lililopinduka, akanitazama mimi.

"Mama, ulikuwa unanitafuta?"

"Hapana, baba," nikamjibu. "Nimeshaambiwa hupo."