Bibi Aliyejitwisha Mlango

Mimi kwa kuchungulia vya watu sijambo. Juzi, kwenye steshenari moja ya Makanyagio, binti wa sekondari alileta mchoro wake uwekwe plastiki: bibi kizee yuko njiani, kajitwisha mlango.

Mwenye duka akashika mkasi apunguze upande mtupu wa karatasi. "Mdogo wangu, mbona nyumba umeisahau?"

"Sijaisahau, kaka. Bibi yangu kila alipohama aling'oa mlango, akaondoka nao. Anasema udongo wa kujengea upo kila mahali, fundi wa mlango hayupo."

"Sasa nyumba iko wapi?"

Binti akagusa pale patupu. "Huku anakokwenda."

Jamaa akaweka mkasi chini, akaanza kutafuta plastiki kubwa zaidi. Mimi, na ujuaji wangu wote, ningekuwa nimeshakata.