Ukoo wa Dalmar

Kaltuma, mshonaji wa Garissa, alikuwa akihamia Oslo kwa bintiye. Paka wake asingepanda ndege bila cheti cha afya. Chipu ya utambulisho, chanjo ya kichaa cha mbwa, kipimo cha damu, miezi mitatu ya kungoja: yote yalishapita. Ilibaki fomu moja.

“Jina la paka?” akauliza Ayanle, daktari wa mifugo.

“Dalmar.”

“Basi.”

“Basi nini, mwanangu? Pasipoti yangu ina majina matatu: langu, la baba na la babu. Huyu aingie Ulaya bila baba?”

“Haya, eeddo,” akasema Ayanle, akimwita shangazi kwa Kisomali. “Babake nani?”

“Madow, dume la buchani. Babu ni Guled, aliyewashinda mbwa wa soko la mbuzi.”

Ayanle akacheka hadi kalamu ikamponyoka. Akaandika: Dalmar Madow Guled. Muhuri ukalia. Kaltuma akapiga vigelegele, na mwana wa Madow akatorokea chini ya kabati.