Mkanda wa Paji la Uso

Nilitoka Timboroa asubuhi moja bila kuamua ninakoenda. Kibarua cha kuchimba viazi kilikuwa kimeisha, ukungu ukaondoka mapema, na sikuona sababu ya kubaki. Dereva wa lori la mbao alinipa nafasi mbele. Aliponiuliza naenda wapi, nilimwambia popote atakaposimama. Alisimama Eldoret, karibu na soko, akaenda kutafuta chai.

Tangu niache shule nikiwa darasa la saba, siwezi kupita kitu kilichoharibika bila kutaka kujua kimeharibikaje. Mlangoni mwa duka moja la mifuko palikuwa na lundo la mikanda iliyokatika. Nikachutama kuichambua. Yote ilikuwa imekatika mahali pamoja, pale iliposhonwa kwenye mfuko.

"Kuangalia ni bure," mwenye duka alisema kutoka ndani. Alikuwa mama wa makamo mwenye sweta mbili, moja juu ya nyingine. "Kukaa hapo mpaka jioni ndiyo shida."

"Mama, kwa nini mkanda ushonwe? Upitishe kwenye pete za chuma, halafu ukazwe kwa kishikizo. Utaurefusha, utaufupisha, hata utaugeuza ndani nje."

Aliangalia viatu vyangu, kisha mikono. "Wewe ni fundi?"

"Hapana."

"Afadhali. Mafundi wamenimaliza."

Akanieleza. Kikundi cha akina mama wakulima kutoka Cheptiret kilitaka mifuko kumi na miwili ya kutolea viazi shambani. Kiongozi wao alikuwa amekataa sampuli mbili, na mchana huo angekuja kuona ya tatu. Akikataa tena, wangeenda duka lingine, na turubai ya mifuko yote ilikuwa imeshakatwa.

Alinipisha kwenye cherehani. Nilichukua mkanda wa kiti cha gari, ule wanaouuza wavunjaji wa magari makuukuu, nikaushonea turubai upande mmoja. Upande huo ukawa wa kukwaruza, mwingine ukabaki laini. Kishikizo, chuma chenye matundu mawili, nilikiweka karibu na kifua, mkono unapofika kwa urahisi. Nilijipima mwenyewe begani mara tatu. Nikaridhika sana.

Kiongozi alifika baada ya chakula cha mchana, kitambaa cha kijani kichwani. Alijaza mfuko viazi mpaka juu, akachutama akiupa mgongo, akavuta mkanda wangu mpaka kwenye paji la uso kama mukwa, ule mkanda ambao mama zake walibebea kuni. Akainuka. Chuma kikamkita kando ya jicho.

"Ngai! Huyu anataka kunitoboa ubongo?"

Mwenye duka alicheka mpaka akashika mlango, kisha akakumbuka turubai yake, akanyamaza.

"Mama, hukuniambia wanabeba kwa kichwa," nilimlalamikia.

"Kwani viazi hubebwa na nini?"

Nilifumua. Sasa niliweka vishikizo viwili, kimoja kando ya kila pete, chini kabisa karibu na mfuko, ili katikati pabaki mkanda mtupu. Kiongozi aliketi juu ya kreti akinitazama bila huruma. Nilipomaliza, alijitwika, akatikisa kichwa kulia na kushoto. Chuma hakikumgusa. Nikaanza kutabasamu.

"Bado," akasema. "Sisi tunavuna mvua ikinyesha."

Akachukua jagi la maji akaumwagia mkanda wote. Alipoinuka, mkanda uliteleza ndani ya vishikizo, mfuko ukashuka mpaka kwenye visigino vyake. Mwenye duka aligeuka akatazama ukuta.

Nilipiga magoti. Niliushika mkanda ule uliolowa nikauvuta taratibu, nikaona unavyoponyoka: ulikuwa unapita tundu moja na kutoka. Niliirudisha ncha yake kwenye tundu la pili, mkanda ukajikanyaga wenyewe. Kadiri nilivyouvuta ndivyo ulivyojibana. Nilifanya hivyo pande zote mbili.

Akamwaga maji yaliyobaki, akajitwika, akaenda mpaka mwisho wa safu ya maduka na kurudi, mbio mbio, shingo imenyooka. Kisha akaniambia niugeuze, ule upande wa turubai ukae kwenye kitambaa. Akaenda tena.

"Huu wa kukwaruza ni wa mvua," alisema, akitua mzigo. "Ule laini ni wa jua. Nataka yote kumi na miwili Jumamosi."

Alipoondoka, mwenye duka alinigeukia. "Unalala wapi?"

"Sijajua bado."

"Jumamosi iko karibu, na mimi siwezi kupitisha huo mkanda wako hata ukinifundisha wiki nzima. Nyuma kuna stoo, ina kitanda. Panya ni mmoja tu, na ana heshima."

Nilikisogeza kitanda chini ya dirisha, nikaketi. Kilinifaa. Nikamwomba ufunguo.