Ndama Aliyekunywa Mvua ya Kwanza

Mnisamehe mapema kwa maneno nitakayokosea na kwa mwandiko wangu, ambao mwalimu alisema umelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Niliishia darasa la nane na naandika polepole. Lakini kuongea mbele ya watu ndiko kunanishinda kabisa, kwa hivyo afadhali karatasi.

Nataka kueleza jinsi ndama wetu alivyokufa, kwa sababu kuna mtu anayelaumiwa mpaka leo.

Kwetu ni chini ya Gachoka, mahali pa kunde, ndengu na jua. Mvua ilikuwa imekosa kwa misimu miwili. Baba alikufa akatuachia ng'ombe, na kiangazi kikawamaliza mmoja baada ya mwingine, akabaki ndama jike. Mama alisema huyo akiishi, sisi bado ni watu wenye ng'ombe. Akifa, tunarudi kwa kuku.

Maji tulichimba kwenye mchanga wa mto uliokauka. Ndama alipewa mkebe mdogo asubuhi, akaulamba hata baada ya maji kuisha. Maji ya kuoshea vyombo tulimwagia kunde za kando ya nyumba. Hata hivyo zilikuwa zimelegea, majani yakining'inia kama masikio ya mbuzi mgonjwa.

Jirani yetu, mama mzee asiyejaliwa watoto, alipita kila siku kumtazama ndama. Alipenda utani. Siku mawingu yalipoanza kujikusanya alisimama kwenye ua akimtazama ndama, akasema, "Huyu msichana ana macho mazuri. Mimi hata siku ya kuolewa sikuwa na macho kama haya."

Tulicheka. Kwetu ukisifu mnyama au mtoto wa mtu, unatema mate kidogo, ijulikane kwamba sifa yako haina wivu, maana jicho la wivu huua. Yeye hakutema. Nafikiri mdomo wake ulikuwa mkavu, kama midomo yetu sote.

Mvua ikanyesha alfajiri. Maji ya mabati yakajaza pipa. Mama alijaza karai akaliweka mbele ya ndama.

"Kunywa, mama," akamwambia. "Leo hakuna wa kukupimia."

Ndama alimaliza karai zima. Mama akajaza tena, na hilo pia akalimaliza bila kuinua kichwa. Mimi nilikuwa nimelishika lisipinduke. Sikumbuki kama nimewahi kumwona mama akiwa na furaha hivyo tangu baba aende.

Kufika mchana, ndama alikuwa amesimama miguu imepanuka, anatetemeka. Akakojoa, na mkojo ukatoka mwekundu. Uliofuata ulikuwa mweusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa motoni. Jua lilipoanza kushuka alikuwa amelala na hapumui. Nilipogeuka niliona kunde. Zilikuwa zimesimama wima, majani yamejaa maji. Nilizichukia.

Watu walikuja kutupa pole. Hakuna aliyetaja maji. Nani angelaumu mvua siku ile? Shangazi aliuliza ni nani aliyemsifu ndama mara ya mwisho. Tangu hapo wanawake kisimani wakawa wanasogeza mitungi yao yule mzee akifika. Mama, aliyekuwa akila naye kutoka sufuria moja, akaacha kumsalimu.

Baadaye sana, daktari wa mifugo alikuja kuchanja ng'ombe sokoni. Aliwaonya watu kwamba ndama aliyekaa na kiu apewe maji kidogo kidogo. Nilingoja waondoke, nikamuuliza kwa sauti ndogo ni kwa nini.

Alichora miviringo vumbini kwa kijiti. Alisema hizo ni seli za damu. Kiu ikikaa, chumvi ndani ya seli huzidi, na maji mengi yakija ghafla hukimbilia pale palipo na chumvi zaidi. Hupenya ngozi nyembamba ya seli, seli huvimba, hupasuka, na rangi yake hutokea kwenye mkojo. Watu wa shule huliita jambo hilo osmosisi. Nikamuuliza juu ya kunde. Akasema nazo hunywa vivyo hivyo, lakini seli ya mmea ina ukuta mgumu kwa nje. Hujaa, hukaza, haipasuki. Ndiyo maana mmea husimama.

Nilikaa na maneno hayo siku kadhaa kabla ya kumwambia mama. Alikuwa anachagua maharagwe kwenye ungo. Mikono yake ikasimama.

"Kwa hivyo si yule mama," akasema. "Ni mimi."

Nikamwambia hakuna aliyejua. Aliendelea kuchagua, lakini alikuwa anatupa mazuri pamoja na mabovu.

Kesho yake alifunga majani ya kunde kwenye leso akaenda kwa jirani, nami nikimfuata. Mlango haukufunguliwa. Yule mzee aliongea akiwa ndani.

"Rudi na kunde zako," akasema. "Kesho kuku wenu akifa mtasema nilimtazama."

Mama aliacha kunde mlangoni. Zilinyaukia hapo hapo.

Shangazi bado anasema maji hayawezi kuua ng'ombe, na kisimani mitungi bado inasogezwa. Mimi ni mmoja tu, na sauti yangu haifiki mbali. Kwa hivyo kama nawe umewahi kuona ndama akikojoa damu baada ya kunywa maji mengi, tafadhali niandikie, hata mistari miwili. Nitamsomea mama. Shangazi akikubali kukaa, nitamsomea yeye pia.