Ukuta Niliouruka Miaka Arobaini

Kwa miaka arobaini niliruka ukuta mmoja kila nilipoombwa kutoa ushuhuda. Niliuruka kwenye mikutano ya injili, kwenye harusi, kwenye mazishi mawili, na mara moja kwenye mkutano wa wakulima wa majani chai ambapo mgeni rasmi alikuwa amechelewa. Kila anayeabudu nasi pale Kibugu aliujua ushuhuda huo. Nikiwa mtoto wa miaka sita, siku za hali ya hatari wakati wa vita vya Mau Mau, mama yangu alikuwa akichimbishwa handaki kuzunguka ngome ya walinzi kule chini mtoni. Nilimpelekea uji. Mlinzi akanikimbiza, nikapanda ukuta wa ngome, mrefu kama paa la kanisa, nikaruka handaki lililojaa miti iliyochongwa kama mikuki. Nikiwa hewani nilihisi mkono umenikamata kiunoni. Nilitua bila mchubuko. Nami humaliza kwa kusema kwamba mkono huo ndio ninaoutumikia mpaka leo.

Watu waliokoka kwa ushuhuda huo, namshukuru Mungu. Mmoja wao ni mwenyekiti wa vijana wetu, binti aliye mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuja mbele akilia akiwa kidato cha pili. Ndiye aliyepata wazo kwamba vijana wakodi basi la shule, waende kuiona ngome, nami nisimame palepale nilipotua na kutoa ushuhuda huku wakinirekodi kwa simu. Mimi sikuwa nimerudi huko tangu utotoni. Nilifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Ilikuwa Jumamosi, lakini nilivaa suti ya Jumapili.

Dada yangu akasema naye anakuja. Ni mjane, amenitangulia kwa miaka minane hivi, na magoti yake hayapendi safari. Nilishangaa kidogo. Ushuhuda wangu ameusikia pengine mara mia akiwa kwenye benchi la akina mama, na hajawahi kusema neno juu yake. Huinama tu na kujifunika uso kwa leso, mabega yakimtikisika. Siku zote nilijua kwamba analia.

Basi liliteremka kutoka kwenye baridi ya chai hadi kwenye joto la mahindi na maembe, vijana wakivua masweta na kuimba. Dada na mimi tuliketi mbele na kupiga makofi, yeye akiwahi na mimi nikichelewa, hata dereva akatuomba kwa heshima tupumzike. Mji tuliofikia ni barabara moja, kinu cha kusaga, daraja, na pikipiki zimeegeshwa kivulini. Ngome ilikuwa juu kidogo ya mto. Nilitangulia, nikapanda kilima haraka kuliko ilivyonipasa, nikamkuta mtunzaji wake akifunga mbuzi. Nikamuuliza ngome iko wapi.

Akatazama viatu vyangu. Nilikuwa nimesimama juu ya ukuta.

Sehemu iliyokuwa ndefu kuliko zote ilinifikia kwenye mkanda. Handaki lilikuwa bonde dogo la nyasi, na ndani yake alifungwa yule mbuzi, akitafuna na kunitazama bila heshima yoyote. Mtunzaji aliona uso ukinishuka, akanihurumia. Alieleza kwamba mawe mengi yalibebwa na watu wakajengea nyumba, na mafuriko yakajaza mchanga kwenye handaki. Zamani, alisema, ngome hii ilikuwa ndefu sana.

"Ndefu kiasi gani?" nikamuuliza.

"Kiasi unachokumbuka, mzee."

Ibilisi haji siku zote akiwa na pembe. Mtunzaji yule alikuwa mtu mwema, hakujua alichokuwa akinipa. Nilichukua yale mawe yote na ule mchanga wote moyoni mwangu, nikajenga upya ukuta wangu papo hapo hadi kwenye paa. Vijana walikuwa wamefika, mwenyekiti akiwapanga ukingoni mwa handaki, warefu nyuma, simu zimeinuliwa. Nikakohoa kusafisha koo.

Ndipo nikamwona dada. Alikuwa ameketi juu ya ukuta, ameinama, leso usoni, mabega yakitikisika kuliko nilivyowahi kuyaona kanisani. Niliwaomba vijana wanisubiri kidogo, nikaenda kuketi karibu naye na kumwambia asilie, Mungu alitutoa huku.

Akashusha leso. Alikuwa akicheka. Alikuwa amecheka mpaka machozi yakamfika kidevuni.

"Mtoto wa mama," akasema alipopata pumzi, "uliruka kwa miguu ya nani?"

Nilimwambia kwa miguu yangu, nikiwa na miaka sita, hata kitambulisho kinathibitisha. Akanikumbusha kwamba mwaka ulio kwenye kitambulisho changu aliukisia karani kwa kunitazama meno.

"Ulikuwa mgongoni mwangu. Hata kunywa uji ulikuwa unanyweshwa. Huo mkono wako wa kiunoni ni mbeleko. Niliifunga mimi, mafundo mawili."

Kisha, kwa kuwa nilitaka angalau mtu mmoja katika familia yetu awe ameruka, nikasema, "Basi ni wewe uliyeruka."

"Nani aruke akiwa na mtoto mgongoni na kibuyu mkononi? Nilipanda ukuta, nikateleza, tukaangukia handakini. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulizama kwenye matope mpaka hapa," akagusa kifua. "Hiyo miti yako iliyochongwa ilikuwa upande ule mwingine. Mama akatutoa, halafu akanichapa kwa sababu ya uji uliomwagika."

Nikamuuliza kwa nini hakusema miaka yote hii.

"Watu walikuwa wanaokoka," akasema. "Ningeanzia wapi?"

Kicheko kilinianza tumboni, mahali ambapo sikujua kwamba bado kipo. Nilijaribu kukizuia kwa sababu ya suti. Kikanishinda. Tulishikana mabega, wazee wawili juu ya ukuta unaofika kwenye mkanda, tukacheka mpaka meno yangu ya bandia yakalegea na ikanibidi kuyashika. Kijana mmoja alikuja mbio na chupa ya maji, akidhani joto limetuingia kichwani.

Niliponyanyuka simu zilikuwa bado zimeinuliwa. Ukuta niliopewa na mtunzaji ulikuwa bado unanisubiri, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kuupima. Nilimtazama mwenyekiti wa vijana. Imani yake ilianza na kuruka kwangu. Nikiuondoa ukuta, atasimama juu ya nini? Niliogopa kuliko ninavyoogopa daktari. Niliomba kwa maneno machache sana, kisha nikawaambia yote: mgongo, mbeleko, utelezi, matope.

Hakuna aliyecheka. Simu zilishuka moja baada ya nyingine. Mwenyekiti akaniita babu kwa lugha ya kwetu, akauliza polepole, "Guka, kwa hiyo mkono haukuwepo?"

Nimesoma theolojia kwa miaka mitatu. Nilianza kuipekua Biblia kichwani, kitabu kwa kitabu.

"Matope yale," dada akasema kutoka ukutani, "unadhani aliyaweka nani?"

Binti yule alitazama handaki. Alimtazama dada yangu, cucu wake, yaani bibi, mwenye magoti mabaya, akanitazama mimi na suti yangu. Mdomo wake ulianza kutetemeka, nikadhani tumempoteza. Kumbe ni kicheko. Alicheka mpaka akaketi mwenyewe kwenye nyasi za handaki, kando ya mbuzi, na wenzake wakaona ni afadhali waingie wote. Waliserereka kwa makalio, na mtunzaji akatoka kuuliza kama hili nalo ni la kidini. Nilimwambia ndiyo.

Jumapili nilimwomba mchungaji dakika tano, nikatumia tatu. Nilisema tulivyopanda, tulivyoteleza, na kule tulikoangukia. Kisha nikaketi. Kanisa lilitulia, likingoja sehemu iliyobaki, maana lilizoea saa nzima. Nikalazimika kusimama tena na kusema kwamba hiyo ndiyo yote. Mwenyekiti wa vijana akasema ameni kutoka kwenye kwaya, kwa sauti kubwa, na wengine wakafuata mmojammoja, kwa tahadhari, kama watu wanaoshuka mahali penye utelezi.