Nilivyomeza dawa ya moyo kwa jumla

Wakuu, salaam. Sitaongeza chumvi hapa. Anayebisha aende soko la Kikuubo, hapa Kampala, awaulize wapagazi, ndio walionibeba.

Mimi shule niliishia darasa la nne. Leo nina maduka mawili ya jumla, nyumba Ntinda, na wenye digrii wananiita boss. Mjue tu mnaongea na nani.

Mwaka jana nikaanza kuhema kwa ngazi tatu tu. Miguu ikavimba, viatu vikakataa.

Daktari, binti wa umri wa mwanangu, akapima moyo, akasema msuli wake umelegea, hausukumi damu vizuri. Akanipa vidonge vya kupunguza mapigo, moyo upumue. Nusu kidonge, asubuhi na jioni.

Nusu, wakuu. Mimi.

"Kila wiki mbili tutaongeza kidogo, mzee. Tukiharakisha moyo utazidiwa."

Nikaona huyu ananipimia rejareja. Kwetu anayechukua kidogo kidogo ndiye asiyejiweza. Kesho yake nikameza vinne kwa mpigo, na chai.

Saa tano niko dukani napatana na Mama Furaha, mteja wangu wa Bunia, kule Kongo. Magunia yakaanza kuzunguka. Nikashika la mchele, tukaanguka wote.

Mama Furaha akapiga magoti. Nikadhani ananiombea.

"Patron, usikufe kwanza. Hujasema bei ya mwisho."

Wapagazi wakanipakia kwenye toroli ya mizigo hadi barabarani. Mtu mwenye magari mawili.

Hospitali mapigo yalikuwa chini ya arobaini. Mke wangu analia. Nikatangaza hizo dawa naacha leo.

Daktari akavuta kiti. "Ukiacha ghafla ni hatari vilevile. Mzee, mpagazi aliyetoka kuugua, siku ya kwanza unamtwika nini?"

"Boksi la biskuti."

"Na gunia?"

"Mpaka nione miguu yake imekaza."

Akanyoosha kidole kifuani kwangu. Mke wangu akaacha kulia, akacheka.

Tukaanza upya na nusu. Mwezi uliopita nimefika dozi kamili, na kipimo kinaonyesha moyo umepata nguvu. Ngazi napanda nikiongea na simu.

Funzo: dawa hii usijiongezee, usijikatishie. Muulize aliyekupa, hata kama ni mtoto.

Wenye ugonjwa huu, ninyi dozi kamili mlifika baada ya muda gani? Mimi miezi mitano. Aliyenishinda aseme, ila aje na karatasi ya daktari.