Kikao cha Marehemu Kenyatta Market

Asubuhi hiyo niliondoka mtaani kwetu Waithaka kwa sababu nilikuwa nimetangazwa marehemu. Si mimi peke yangu, bali chama chetu kizima cha wahadhiri, ambacho mimi ni katibu wake. Zamani, intaneti ilipokuwa jambo la wachache, chama kilipewa bure fungu la anwani, zile namba zinazotambulisha mitambo mtandaoni. Leo zimeadimika, na kampuni moja mjini ilidai kwamba chama kimekufa na yenyewe ndiyo mrithi. Maktaba ya Waithaka hutumia anwani hizo kuziunganisha shule za jirani na intaneti.

"Daktari, wakihamisha hizo namba, sisi tumezimwa," Wanjiku, mwendeshaji wa maktaba, aliniambia langoni. Huniita Daktari ingawa tasnifu ilinishinda. Simkosoi.

Katikati ya jiji nilipokewa na Salim, afisa wa kampuni, mpole, mzaliwa wa Mombasa. Alinimiminia kahawa akanieleza kanuni: msajili wa anwani hahamishi fungu la zamani bila idhini ya mwenyewe, lakini mwenyewe akiwa hayupo tena, aliyenunua mali yake anaweza kulidai. Wao walikuwa wamenunua kompyuta zetu chakavu.

"Samahani mwalimu wangu, chama kisichokutana kiko wapi?"

Nikajibu kwamba tunakutana leo hii saa saba, Kenyatta Market, na yeye amealikwa. Ilikuwa habari mpya hata kwangu.

Mtaani Woodley nilimkuta mwenyekiti wetu, Mzee Njoroge, akimwagilia sukumawiki. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza. Aliuliza tu ni nani amesema amekufa, kisha akaenda kutafuta koti. Katiba yetu inataka watu watatu ili kikao kiwe halali. Wa tatu, mweka hazina Achieng, alisema kwa simu kwamba yuko Kenyatta Market tayari, ila hawezi kuinuka.

Sokoni Kenyatta Market tulimkuta saluni, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima kama inayopinga hoja. Wasusi walikataa kusimamisha kazi kwa ajili ya intaneti, basi kikao kikafanyika hapo hapo, moshi wa nyama choma ukituingilia mlangoni. Salim alifika, akatutazama mmoja mmoja, akauliza kwa adabu kama hiki kweli ni kikao.

Achieng alimjibu kupitia kioo. "Kijana wangu, ushaona maiti akilalamika anavutwa nywele?"

Msusi alicheka hadi akaangusha kitana. Tukapiga kura: fungu halihami. Salim, lazima nimpe haki yake, alisema atawaambia wakubwa wake ametukuta hai.

Jioni, Waithaka, mtandao ulikuwa bado unafanya kazi. Wanjiku aliuliza kama tumeshinda. Nilimwambia watarudi, maana namba hizi zinazidi kutamaniwa. Nilichojifunza ni kwamba kanuni haziulizi kama una haki. Zinauliza kama upo. Basi tutakuwepo: tutakutana kila Achieng anapofumua nywele ili asukwe upya. Anayetaka kuturithi aje saluni, apange foleni nyuma ya wateja.